Maua Makavu na Wakwe wa Mlimani

Sina ugomvi na plastiki. Nimenawa kwenye beseni za plastiki maisha yangu yote, na viatu vyangu vya kwanza vya shule vilikuwa vya plastiki. Lakini nilipoolewa na kuletwa Tunduma, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuta mtaa mzima wa Chapwa umejaza sebule zake mawaridi ya plastiki yaliyovushwa mpakani, mekundu kupita kiasi, yenye matone ya umande yaliyotengenezwa kwa gundi. Na kwa kuwa Tunduma ni mji wa malori, na malori ni vumbi, kila Jumamosi akina mama waliyaloweka maua yao kwenye sabuni ya unga, wakayasugua, wakayaanika kambani kwa vibanio. Ua nililoliona limebanwa katikati ya chupi mbili za baba mwenye nyumba siwezi tena kulitazama usoni nikikaribishwa chai.

Maua mabichi nayo yalinishinda. Kwetu Igamba, kwenye mashamba ya kahawa, ua ni kitu cha kuchuma unapopita. Tunduma lazima ulitafute, ulibembeleze, ulibebe katikati ya moshi wa malori, na likifika nyumbani limeshapata sura ya mgonjwa. Kesho yake linainama, keshokutwa linanuka, na wewe unabaki na chupa ya maji machafu. Nikasema basi, nikaiacha meza tupu na kitambaa chake cha kufuma, nikakaa kwenye cherehani yangu kushona mapazia ya watu.

Mume wangu ni Mndali wa milima ya Ileje, huko juu unakoingia ukishaipita Itumba. Kazi yake ilikuwa kushughulikia makaratasi ya malori mpakani, na kutwa nzima alibishana na madereva kwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza cha kuungaunga. Wenzake walimsifu kwamba hashindwi na neno. Mbele ya mama yake, mwanamume huyohuyo aligeuka gogo.

Mara ya kwanza aliponipeleka kwao ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio. Kwenye majani ya mlimani nyuma ya nyumba nikaona maua madogo ya njano, magumu magumu, yanayochakarika ukiyagusa kama karatasi ya pipi. Nikamuuliza mama mkwe yanaitwaje.

"Majani," akasema.

"Yanatumika kwa kazi gani, mama?"

"Kazi gani? Hata mbuzi hawayataki."

Nikachuma kishada, nikakitia mkobani, nikasahau. Mvua zilipoanza nikautoa ule mkoba nikayakuta yako vilevile, njano ileile, hakuna lililoinama wala lililonuka. Yalikuwa yamekufa bila kupata habari. Nikayatia kwenye kopo la maziwa nililolivalisha kitenge, nikayaweka mezani, na jioni ile mume wangu aliyazunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

Ndiye aliyenogewa kuliko mimi, na sitaki mtu aje kusema vingine. Kila alipokwenda kuwasalimu wazazi wake alipanda mlimani na viatu vyake vya kazini, akarudi na maua ndani ya gazeti, ameyapakata garini njia nzima. Abiria wakimuuliza, alijibu ni sampuli za kilimo. Mama yake alijua mwanawe anapenda kutembeatembea milimani kupunga upepo. Nani ampeleke shambani kuchuma majani, mtu mzima mwenye tai?

Mtoto hakupatikana. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Tukaenda hospitali, mbali, mahali ambapo hakuna mtu aliyetujua, tukapimwa wote wawili. Mimi sikuwa na tatizo. Yeye alikuwa nalo, na daktari alilisema kwa upole lakini bila kuzungusha maneno. Tulipotoka nje tukakaa kwenye benchi la wagonjwa, naye akaniomba kitu kimoja tu: nimwachie awaambie nyumbani mwenyewe, nimpe muda. Nikampa. Nilimpenda, na niliona aibu yake jinsi ilivyomkunja mabega. Basi muda huo aliutumia kama ofisi za umma zinavyoutumia wa kwao. Kila alipopanda Ileje aliahidi kwamba safari hii atasema, na kila aliposhuka alishuka na maua.

Wakati yeye anayatafuta maneno, mama yake alikwishayapata ya kwake. Alikuja kututembelea, akasimama katikati ya sebule, akaviona vyombo vyangu: vitatu wakati huo, kimoja juu ya redio. Akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, mama, ni maua. Akasema yeye ana macho, anaona kwamba ni maua, na anaona kwamba yamekufa. Kisha akamwambia mwanawe, nami nikiwa palepale na sinia mkononi, kwamba nyumba iliyojaa vitu vilivyokufa mtoto hawezi kuingia, ataingia apite wapi. Mume wangu akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Kuanzia hapo nilijua kinachokuja. Kwao mke asiyezaa hafukuzwi kwa kelele. Wazee wanakaa, wanaongea kwa heshima, halafu siku moja unajikuta umerudi kwenu na masanduku yako na kila mtu anasema hakukuwa na ugomvi. Nilikuwa nasubiri kimoja kati ya viwili: mume wangu afungue kinywa, au mimi nirudi Igamba na cherehani kichwani.

Na katika kusubiri huko nikazidisha maua. Wengine hunenepa, wengine huenda kwenye maombi ya kufunga, mimi nilikausha. Nilifika mahali nikawa najua kazi yenyewe, na kwa kuwa watu huniuliza nitaieleza, maana wengi hukosea mwanzo kabisa, kwenye kuchuma.

Ua la kukausha usilichume likiwa limechanua lote. Likifika hapo limeshamaliza sherehe, ukilikausha linapukutika lote sakafuni. Lichume likiwa nusu, bado lina kiburi. Na usilichume alfajiri lina umande, kwa sababu umande huo utaenda nao stoo ukakuzalie ukungu. Subiri jua lipande kidogo. Chagua yenye petali nyembamba na shina gumu. Yale ya njano ya mlimani hayana mpinzani. Bogonvilia inafaa, ila ishike kwa adabu. Waridi la pinki linakauka vizuri, lakini jekundu linaishia rangi ya maini. Masuke ya ngano ya kule milimani yanafaa, ulezi unafaa mpaka panya wagundue, na masuke ya matete yanafaa kama hakuna mwenye pumu ndani ya nyumba. Yale maua meupe makubwa ya kandokando ya mito, yaliyokunjwa kama faneli, achana nayo kabisa. Niliyaning'iniza kwa matumaini makubwa na nikayashusha kama soksi chafu.

Ukishachuma, ng'oa majani yote ya chini, funga vishada vyembamba, na usifunge kwa kamba. Shina likikauka linanywea, kamba inalegea, kishada kinakuangukia kichwani. Mimi nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli, vinabana jinsi shina linavyopungua. Halafu unaning'iniza vichwa chini, gizani, penye hewa. Vichwa chini ni ili shingo zinyooke. Gizani ni kwa sababu jua linakula rangi.

Mahali pangu pa giza palikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mkaa. Nilipigilia misumari kwenye kenchi, na vishada vikaning'inia mstari mzima. Sasa hebu fikiria mtu wa Tunduma anapita uani, mlango wa stoo uko wazi, anaona majani makavu ya kila aina yamening'inizwa vichwa chini kwenye giza. Unadhani atasema ni urembo? Akina mama wakaanza kunisalimia kwa unyenyekevu ambao sikuuelewa. Siku moja dereva wa Kizambia, aliyemfuata mume wangu nyumbani kwa habari za makaratasi yake, alichungulia stoo, akavua kofia na kuniita bamayo, yaani mama, kwa sauti ya kanisani. Akaomba nimpatie umuti wa kulitoa lori lake mpakani, maana limekaa foleni mpaka magurudumu yameota majani. Nikamwambia hii si dawa, baba, haya ni maua ya mezani. Akacheka kama mtu aliyeelewa kwamba mganga wa kweli hajitangazi. Nikampa bogonvilia. Lori likapita kesho yake, na kwa wiki nzima sikuwa na raha kwa wateja ambao hawakuja kutafuta mapazia.

Kuyatunza mezani ni kazi nyingine, na hapa adui ni vumbi. Ua kavu huwezi kuliosha. Huwezi kulikung'uta, huwezi kulipuliza kwa nguvu, litakuachia kipara. Nilitumia brashi ya kunyolea ya mume wangu, zile nywele zake laini, petali moja baada ya nyingine, mpaka akawa anakwenda kazini na punje za ulezi kwenye ndevu. Baadaye nikagundua sprei ya nywele kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ukipulizia kidogo, petali zinashikana wala hazipukutiki. Sebule yetu ikanukia saluni, na mume wangu akaulizwa mpakani kama ameanza kuweka nywele dawa. Masika ndiyo mabaya zaidi: hewa inalowa, maua yanalegea, na lazima uyahamishie jikoni, mbali na mvuke wa sufuria lakini karibu na joto la mkaa, hadi mvua zikatike.

Nilikuwa na jirani, mama wa Kiislamu kutoka Kondoa, muuza vitenge, mwanamke mwenye roho nzuri kupita watu wote niliowahi kukaa nao ukuta kwa ukuta. Tuliposafiri kwenda kwetu kwenye msiba nilimwachia ufunguo. Tuliporudi nilifungua mlango nikapigwa na harufu ya shimo. Vyombo vyote vilikuwa vimejaa maji mpaka shingoni, mashina yameoza, masuke ya ngano yameota, kwa kweli kabisa yameota, machipukizi ya kijani yanachungulia juu ya redio.

"Dada yangu, nimekuokolea," akaniambia kwa furaha. "Nilikuta yamekauka vibaya, nikasema maskini, hawa watu wameondoka kwa haraka hawakuyamwagilia. Kila siku nimeyapa maji, asubuhi na jioni. Ona, mengine yameanza kurudi!"

Ningemwambia nini mtu kama huyo? Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikacheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia nikaona kilio hakihusu maua. Jirani alikisikia kilio kupitia ukutani. Akarudi na uji, akakaa, na mimi kwa mara ya kwanza nikamweleza mtu habari za mtoto na za wakwe. Ya hospitali sikumwambia. Ahadi ni ahadi, hata ukiiweka kwa mtu anayekuudhi.

Wakwe wakaja mwezi wa nane, wakati wa upepo, vumbi limesimama mji mzima. Walituma salamu tu kwamba wazazi wanakuja kuzungumza. Mtu yeyote wa milimani anajua maana yake. Mume wangu alipoileta habari hiyo alikaa kitandani bila kuvua koti.

"Utasema?" nikamuuliza.

"Nitasema."

"Utasema kweli, au utasema kama ulivyosema Pasaka?"

"Mke wangu, nitasema."

Sasa lazima nieleze kitu kuhusu baba mkwe, vinginevyo hutaelewa kwa nini sikuwa sebuleni kwangu siku hiyo. Baba mkwe sikuwahi kumwona uso. Kwao mke wa mwana na baba wa mume hawatazamani, hawasemezani, hawakai chumba kimoja. Ndiyo heshima yenyewe. Watu wengi wamelegeza, hasa wa mjini, na wapo wanaosema kanisa limeyamaliza mambo hayo. Ukoo ule wanasali kuliko sisi wote na hawajalegeza hata uzi mmoja. Nilimfahamu baba mkwe kwa kikohozi chake, kwa viatu vyake mlangoni, na kwa sukari anayotaka kwenye chai. Siku moja nilimkwepa sokoni Itumba kwa kujificha nyuma ya mbuzi wa mtu, na mbuzi akasogea.

Kwa hiyo siku ya kikao nilikuwa upande wa jikoni, nyuma ya pazia la mlango nililolishona mwenyewe, na chakula alipeleka jirani yangu. Alikuwa amejitolea bila kuombwa, akafunga kanga kiunoni na kubeba masinia, na kila akirudi alinikodolea macho kunipa habari ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nazisikia. Pazia lile nililikata fupi kwa upande mmoja, kosa la fundi, na kwa upenyo huo niliona nusu ya meza, chombo kikubwa cha maua, magoti ya mama mkwe, na viatu vya mume wangu. Basi.

Aliyeongoza maneno alikuwa baba mdogo wa mume wangu, mtu mpole, mwenye sauti ya kusomea matangazo ya kanisani. Aliuliza habari za kazi, za mvua, za Igamba. Akasifu chai. Kisha akashusha pumzi.

"Mwanetu, hatukuja kugombana," akasema. "Mke unaye, nyumba unayo, kazi unayo. Sasa miaka inakwenda, na sisi tunazeeka. Tumekuja kuuliza, unafikiri nini?"

Viatu vya mume wangu vikasogea kidogo, vikatulia.

"Mimi sina ubaya na mwenzake," mama mkwe akasema. "Anapika, anashona, hana maneno mengi. Lakini mtu akae tu hivihivi mpaka lini? Kuna binti pale nyumbani, jirani zetu, mtu wa kwaya, amelelewa vizuri. Huyu wa sasa tutaenda kwao kwa heshima, tutazungumza na wazazi wake, hatutamuaibisha."

Hatutamuaibisha! Nilikuwa nimeshika mwiko wa ugali. Sasa, nikasema moyoni. Sasa sema. Ndiyo saa yako, baba, fungua mdomo, wewe unayewashinda Wazambia wote kwa maneno. Nikasikia anakohoa.

"Nimewasikia, wazee," akasema.

Amewasikia! Nilitaka kulichana pazia na kumpiga kwa mwiko mbele ya ukoo mzima. Sentensi moja ilikuwa kinywani mwangu, fupi, ya kumaliza kikao kabla chai haijapoa, na nikaimeza. Hasira ile ilikuwa na woga ndani yake, na woga ndio uliokuwa mkubwa. Sikutaka kuondoka. Niliipenda nyumba ile ya vumbi na nilimpenda yule mjinga aliyekuwa anatazama viatu vyake. Jirani yangu alikuja akanishika kiganja, na hata yeye mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Basi tumeelewana," baba mdogo akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona mambo yamekwenda rahisi kuliko alivyotegemea.

"Na hivi viondoke leo hii," mama mkwe akasema. "Binti wa watu hawezi kuingia humu na hivi."

Nikaona mkono wake unaingia kwenye upenyo wangu. Ukakishika kishada cha njano shingoni, ukakivuta kutoka kwenye chombo, na masuke ya ngano yakaja nayo, yakavunjika juu ya meza. Mkono ukarudi kuchukua kingine. Petali zikaanguka kwenye chai.

Viatu vya mume wangu vikasimama.

"Mama, yaache."

"Nini?"

"Nimesema yaache. Utayavunja. Hayashikwi hivyo."

"Unanigombeza mimi kwa ajili ya takataka za mke wako?"

"Si za mke wangu. Nimeyachuma mimi." Sauti yake ilikuwa inapanda kama ya kule mpakani, ile ambayo sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwa mama yake. "Mimi, kila mwaka, pale nyuma ya nyumba yenu. Nikiwaambia nakwenda kupunga upepo nilikuwa nachuma haya. Hayajamzuia mtoto yeyote kuingia humu. Na yeye hajazuia kitu. Tumepimwa hospitali. Tatizo ni langu. Hata mkiniletea binti wa kwaya, hata mkiniletea kwaya nzima, hakuna mtoto."

Upepo ulikuwa unapiga mabati. Jirani yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Na mimi, badala ya kushukuru, nikajikuta nimekasirika upya. Aliposikia narudishwa kwetu alitazama viatu. Yalipovunjwa majani alisimama. Nimeolewa na mtu wa namna gani?

Mama mkwe akamuuliza kitu kwa Kindali, taratibu. Akamjibu kwa Kindali. Akamuuliza tena. Mimi ni Mnyiha, maneno yote sikuyashika, lakini nilimsikia mama anayeuliza mtoto wake kama kweli anaumwa, na mtoto anayesema ndiyo.

"Na mwenzako alijua?" akauliza mwishowe, kwa Kiswahili.

"Alijua siku ileile niliyojua mimi. Nilimwomba asiseme."

Ndipo nikasikia kikohozi. Baba mkwe, ambaye kikao kizima hakuwa ametoa neno, alikisogeza kiti. Kwao mtu akiwa na jambo la kumwambia mkwe asiyeruhusiwa kumsemesha, hulituma kwa kitu kilicho karibu, paka, jiwe la kusagia, chochote, na mwenye kuambiwa husikia. Niliwahi kusimuliwa hilo nikadhani ni utani. Nikaona mkono wa mzee, wenye mishipa na kucha za mtu wa jembe, ukikirudisha kile chombo katikati ya meza na kukigeuza kielekee upande wa pazia.

"Ninyi maua," baba mkwe akasema. "Mwambieni mwenye nyumba hii kwamba haendi popote. Mwambieni tumemkosea. Aliibeba aibu yetu na sisi tukaja hapa kula chakula chake na kumtoa."

Sikuwa nimejiandaa kujibu. Jirani akanisukuma mgongoni.

"Maua," nikasema, na kwikwi ikanikata katikati. "Maua, mwambieni baba nimesikia. Mwambieni asante."

Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa baba mkwe. Kwa upenyo nikamwona mama mkwe anaokota mashina mezani, moja moja, anayarudisha kwenye chombo. Aliyapanga vibaya sana, ngano mbele, ya njano nyuma, mengine kichwa chini kabisa. Alikuwa analia na hakuwa akijificha.

Nilitaka na mume wangu nimtumie ujumbe kwa maua. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na mengi kati yake hayasemwi mbele ya wazee. Lakini viatu vyake vilikuwa vimeshaanza kuja. Vikafika, vikasimama upande wa pili wa kitambaa, karibu kiasi kwamba pazia lilitikisika kwa pumzi zake. Asingeweza kulifungua, baba yake yuko pale.

"Nisamehe," akasema. Hakunong'ona. Alisema kwa sauti ambayo sebule nzima iliisikia, na wapita njia pia.

Nikapitisha mkono pembeni mwa pazia, unga wa ugali ukiwa bado umegandia vidoleni. Akaushika mbele ya mama yake, baba yake na baba yake mdogo. Nikambana kwa nguvu zangu zote, nguvu za fundi cherehani na za miaka yote ile, mpaka nikamsikia anaguna kwa maumivu. Hakuutoa mkono.